Miezi mitatu ya kwanza Ufini ndiyo inayokula hela

Juzi binti wa mjomba kanitumia voisi noti ya dakika nne hivi. "Shikamoo dada. Dada nimepata chuo, hapohapo Tampere ulipo, naanza mwezi wa nane. Sasa dada naomba uniambie ukweli, nije na shilingi ngapi?" Nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye tramu natoka shifti, nikashindwa kumjibu palepale. Jibu ninalo, ila sio namba ya kumtajia mtu mkaachana, na yeye sio wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo nimeona niandike hapa kwa kirefu, asome yeye na msome wengine wote mnaojiandaa.

Tuanze na namba ya serikali maana hiyo haina mjadala. Migri, ndio idara yao ya uhamiaji, wanataka mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya aonyeshe ana euro 800 za kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka, ada ya chuo mbali. Imeanza mwezi wa 11 mwaka 2024, enzi zangu ilikuwa 560. Watu wanaichukua ile 800 wanaigawa sawasawa kama mshahara, mwezi huu 800 mwezi ujao 800, wanaona mbona inatosha. Na kweli kwa Tampere inatosha ukijibana, ila mpaka uwe umeshatulia. Kinachokula hela Ufini ni kule kufika. Mwezi wa kwanza peke yake unaweza kula hela ya miezi mitatu, na kipindi hichohicho hakuna hata senti inayoingia kwako.

Mi nilifika mwezi wa kwanza 2022. Ndege ilitua Helsinki-Vantaa saa tisa alasiri na nikitoka nje jua ndo linaaga. Pale uwanjani unapanda treni mpaka Tikkurila, halafu unabadilisha unapanda ya Tampere, saa moja na nusu hivi unafika (tiketi ya treni kata mapema mtandaoni, ukikata siku ileile bei inaweza kuwa mara mbili). Kuna kaka mmoja wa Kenya alikuwa amenichukulia funguo za chumba, akanipeleka mpaka mlangoni, akaniambia karibu sana dada, akaondoka maana alikuwa na kazi ya usiku.

Nikafungua mlango wa chumba. Kabati moja la ukutani. Dirisha. Chini ya dirisha lile dude la kupasha joto, lina moto mzuri. Basi. Hakuna kitanda, hakuna godoro, hakuna kiti, na nikibonyeza swichi hakuna kitu, naangalia juu naona kitundu cha waya tu kwenye dari. Huku mtu akihama anahama na taa zake, mwenye nyumba anakuachia jiko na friji, taa ni mali yako mwenyewe. Hilo hakuna aliyeniambia. Basi nikatandika kanga mbili juu ya koti, nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia 18, na nilikuwa sijanunua adapta wala chochote, nikakaa chini nikaanza kulia kimyakimya kwa sababu kwenye ile nyumba tulikuwa watu watatu tunaochangia jiko na choo na sikutaka wanisikie.

Baadaye nikasikia mlango unagongwa mara moja tu. Nimefungua nikakuta hamna mtu, ila sakafuni pameachwa taa ndogo ya mezani, ina kofia ya rangi ya njano, waya wake umeviringishwa vizuri, na karatasi imeandikwa "You can use this". Alikuwa ni yule binti wa Kifini wa chumba cha pili, sijui aliona nini au alijuaje. Kesho yake tulipokutana jikoni nikamshukuru sana, akasema "joo joo", yaani ndio ndio, akaendelea kukoroga uji wake. Nimeishi naye mwaka mmoja na nusu, na hadi leo ukiniuliza Wafini wakoje naikumbuka ile taa. Msaada wanatoa, maneno hawana.

Sasa hesabu. Kesho yake nikaenda dukani nikanunua godoro jembamba, shuka, duveti, mto, sufuria, sahani, kisu na adapta, na viatu vya baridi kwa sababu nilikuja na raba. Vyote vipya, vyote kwa haraka, ile siku moja imenitoka zaidi ya euro 300. Wiki tatu baadaye nikaja kugundua kirppis, ni mitumba yao, ila imepangiliwa sana, mtu anakodi meza anaweka vitu vyake vyote na bei, wewe unachagua unalipa kaunta. Sufuria kama ile yangu niliikuta euro 3. Duveti safi kabisa euro 6. Koti langu la baridi ninalovaa mpaka leo nilinunua hapo euro 25, dukani lile ni zaidi ya 150. Na kuna mtandao wao unaitwa Tori, watu wanatoa mpaka makochi na vitanda bure ilimradi ukabebe mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu usinunue kitu siku ya kwanza zaidi ya godoro na shuka, vingine vyote subiri tutavitafuta taratibu. Wala usione aibu na mitumba, hapa daktari ananunua kirppis, mwalimu ananunua kirppis, na wanajisifia kabisa kwamba hiki nimekipata kirppis.

Kuna hela nyingine ya kuanzia ambayo watu wanaisahau nayo ni takuuvuokra, dhamana ya pango. Sheria inaruhusu mwenye nyumba achukue mpaka kodi ya miezi mitatu, wengi wanachukua mwezi mmoja au miwili, nyumba za wanafunzi zinakuwa na nafuu. Ukihama unarudishiwa kama nyumba umeiacha safi na haijaharibika, kwa hiyo siku ya kwanza piga picha kila kona, kila mkwaruzo wa sakafu, mtumie mwenye nyumba kwa imeili ili baadaye msibishane. Wengi pia wanataka uwe na bima ya nyumba, ni hela ndogo kwa mwezi lakini ni moja ya vile vitu kumi vidogovidogo vinavyokuja siku moja.

Kodi yenyewe mi nilikuwa nalipa euro 310 kwa chumba, maji, umeme na intaneti humohumo. Sa hivi naishi peke yangu Hervanta, mtaa wa hapahapa Tampere, kwenye chumba kimoja na jiko lake, wanaita yksiö, nalipa 590 na maji kama 20 juu yake. Helsinki hiyohiyo utaikuta 700 na kwenda juu, ndo maana mtu akiniuliza aombe chuo mji gani namwambia na Tampere, Oulu, Turku, Jyväskylä uziangalie, usikimbilie jina la Helsinki tu. Kwenye maghorofa joto mara nyingi limo ndani ya kodi, maji ya moto yanakuja kwa mabomba kutoka kwenye mtambo wa mji, kwa hiyo usije na hofu ya kufa na baridi ndani ya nyumba, ndani utavaa fulana. Umeme ndo unalipa mwenyewe, na unakuja kwa bili mbili, moja ya aliyekuuzia umeme na nyingine ya mwenye nyaya. Ukiona bili mbili usidhani umeibiwa. Ila kwenye mkataba uwe makini, kuna mkataba wa bei moja na kuna ule wa bei inayopanda na kushuka kila saa. Tarehe 5 mwezi wa kwanza 2024, siku ambayo kule Enontekiö kaskazini ilifika hasi 44, bei jioni ilivuka euro 2 kwa uniti moja, wakati siku za kawaida ni senti chache tu. Mi kwangu hapa ilikuwa kuzima oveni na kula mkate na maziwa usiku huo. Rafiki yangu mwenye watoto, nyumba yake ya chini inapashwa joto kwa umeme, yeye alilala na watoto wote chumba kimoja na vyumba vingine akazima.

Haya twende kwenye makaratasi, maana makaratasi ya huku ni hela. Kila kitu kinasubiri kingine. Unahitaji henkilötunnus, namba yako ya utambulisho, wengi sa hivi wanaipata pamoja na kibali, lakini bado inabidi ujisajili DVV, ofisi yao ya kusajili watu, ili uhesabiwe mkazi wa mji. Kisha benki. Na benki hapa sio sehemu ya kuweka hela tu, zile namba za siri za benki ya mtandaoni, pankkitunnukset, ndo unajitambulishia kila mahali, kodi, hospitali, barua za serikali, hata laini ya simu ya mkataba. Usipokuwa nazo ni kama haupo. Mi benki niliyoenda ilinipa miadi ya baada ya wiki nne, nilipofika wakasema mkataba wa nyumba niliokuja nao haujasainiwa pande zote, nikarudishwa, wiki mbili nyingine. Hizo wiki sita zote nilikuwa natumia kadi ya nyumbani, na kila nikichanja inakatwa tozo. Kwa hiyo miadi ya benki omba siku ileile unayofika, na ukienda beba pasipoti, kibali, mkataba wa nyumba uliosainiwa, na barua ya chuo, hata kama hawajakuomba vyote.

Halafu kuna verokortti, kadi ya kodi ya mshahara. Hii naomba uisome mara mbili. Ukianza kazi bila kumpa mwajiri kadi ya kodi, anakata asilimia 60. Sitini! Mi nilipata kazi ya usafi mwezi wa tatu, ya jioni kwenye maofisi, nikafurahi nikaanza, kadi nikasema nitaifuatilia wiki ijayo. Mshahara wa kwanza nimefungua simu nikaona euro 212, nilikuwa nategemea zaidi ya 500. Nilikaa kwenye kituo cha tramu pale Hervanta zikapita mbili sijapanda. Hela hazipotei, zilirudi mwaka uliofuata kama marejesho ya kodi, lakini wewe unazihitaji mwezi huo sio mwaka unaofuata. Kadi yenyewe inachukua muda mfupi sana kuomba na ni bure. Ukiwa na mapato madogo ya mwanafunzi asilimia yako inakuwa ndogo sana.

Tukiwa kwenye kazi niseme na hili. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi wastani wa masaa 30 kwa wiki. Hakuna kima cha chini cha mshahara kwenye sheria, kuna TES, makubaliano ya kila sekta kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, humo ndo kuna mshahara wako wa saa, nyongeza ya jioni, ya usiku, kila kitu. Na Jumapili kwa sheria ni mara mbili. Ile kampuni ya usafi niliyoanza nayo ilinipanga Jumapili saba ikanilipa kama Jumatatu, na mi nikawa naona sawa tu kwa sababu sikujua, mpaka mama mmoja wa Kongo tuliyekuwa tunafanya naye akaniambia mwanangu hebu nionyeshe hiyo salari slipu. Akapiga hesabu pale na kalamu ya kuandikia madumu. Akanipeleka kwa luottamusmies, mwakilishi wa wafanyakazi, akaandika imeili moja ya mistari kama mitano hivi na mwezi uliofuata zikaingia zote, bila ugomvi. Waajiri wachache wanajua mgeni hatouliza. Uliza. Hapa kuuliza haki yako sio ukorofi, hakuna atakayekununia, na kibali chako hakiguswi kwa sababu umeuliza TES inasemaje.

Chakula sasa. Ukianza kubadilisha kila bei kuwa shilingi hutokula, acha hiyo tabia mapema. Mi natumia euro 200 mpaka 230 kwa mwezi na nakula vizuri. Viazi, shayiri ya uji, maziwa, mayai, karoti, kabeji, mikate ya rai, hivyo ni bei ya chini mwaka mzima. Nyanya za mwezi wa pili utaziona tu kwa macho. Kwa maduka, Lidl wengi ndo tunaanzia, ila Prisma na Citymarket yale makubwa nayo yana bidhaa zao za bei rahisi rafu za chini, inama uangalie. Na jifunze stika nyekundu: nyama au samaki akikaribia tarehe wanabandika stika ya asilimia 30, na kuna maduka usiku kabla hayajafunga inafika 60. Nikitoka shifti ya jioni napitia hapo, kuku, kilo ya nyama ya kusaga, naweka friza, wiki imeisha. Mchana chuoni usibebe chakula, mlo wa wanafunzi ni kama euro 3 na unapata sahani ya moto, saladi, mkate, maziwa, kitu ambacho mgahawani ni 12 au 13. Nilikuwa nakula saa tano na nusu nashiba mpaka jioni.

Ugali upo. Unga mweupe unapatikana maduka ya Kiafrika na ya Kiasia, Helsinki kule Hakaniemi ndo kila kitu kipo mpaka mihogo na ndizi za kupika, Tampere yapo machache ila hatulali njaa. Sukuma wanaiita lehtikaali, iko kwenye mifuko pale kwenye mboga, wenyewe wanasaga juisi. Mchicha ni pinaatti, wanauza umeganda kwenye vidonge vidogo, ukipika na karanga huwezi kutofautisha. Na kuanzia mwezi wa saba mwishoni nenda msituni. Kwa sheria yao msitu hata wa mtu binafsi unaruhusiwa kuchuma matunda ya porini na uyoga, bure, bila kumuomba mtu, usisogelee tu uwanja wa nyumba ya mtu. Mwaka jana nilichuma mustikka ndoo mbili na nusu, ziko friza mpaka leo naweka kwenye uji.

Kuna kitu cha chupa nacho. Ukinunua soda au maji unalipa hela ya chupa juu yake, kopo senti 15, chupa ya plastiki ya nusu lita senti 20, ile kubwa senti 40. Ukimaliza unarudisha dukani kwenye mashine. Mi wiki za kwanza nilikuwa nazitupa. Halafu siku moja nimesimama na mfuko mbele ya ile mashine, naingiza chupa inatoka, naingiza inatoka, na nyuma kuna babu mmoja na mifuko yake miwili. Nikampisha. Akatikisa kichwa, akachukua chupa mkononi kwangu, nilikuwa nimeiminya, akapuliza kwa mdomo mpaka ikarudi umbo lake, akanionyesha ile alama ya mistari lazima isomeke, akaiingiza kitako mbele. Ikapita. Akanirudishia nyingine nijaribu mwenyewe, akasimama anasubiri mpaka zote 14 zimeisha, kisha akanionyesha kitufe cha kijani na risiti. Hatukuongea neno hata moja linaloeleweka. Euro 2 na senti 60 hizo nilinunua maziwa na mkate.

Usafiri sitaki kuuongelea sana. Tramu nyekundu za Tampere zilianza 2021 na zinafika Hervanta mpaka katikati ya mji, kata tiketi ya mwezi ya mwanafunzi, na kiangazi nunua baiskeli ya kirppis. Wakaguzi wapo na faini yao ni ya kukuharibia mwezi, usijaribu.

Baridi mnaiogopa sana, kitakachokusumbua ni giza. Mwezi wa 12 hapa tuna mwanga kama masaa matano na kitu tu, na mawingu juu. Meza vitamini D, toka nje saa sita mchana hata dakika ishirini, na usikae chumbani peke yako wikendi nzima. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wenye akili zao wanaacha chuo mwezi wa pili. Ukijiona hulali, huli, sema, chuoni kuna huduma za afya za wanafunzi na unazilipia tayari kila muhula. Ukiugua usiku na hujui uende wapi piga 116117 kwanza watakuelekeza, 112 ni kwa dharura ya kweli. Na vaa heijastin, kile kidude kinachong'aa unaning'iniza kwenye koti, mtembea kwa miguu gizani anatakiwa awe nacho kisheria, na barafu ikianza nunua misumari ya kuvalisha viatu. Nimeuguza mtu aliyevunja kiuno kwenye barafu ya hatua kumi kutoka mlangoni kwake.

Lugha anza huko huko, leo. Kifini kinatisha watu lakini sisi tuna bahati, maneno yao mengi yanaisha na irabu, yanasomwa kama yalivyoandikwa, na yanaunganishwa viambishi kama yetu. Talo ni nyumba, talossani ni ndani ya nyumba yangu, neno moja. Kuna jirani yangu kila jioni anamwita mtoto wake uwanjani "tule! tule!", miezi ya kwanza nilikuwa nadhani nasikia Kiswahili, tule nini jamani, kumbe tule kwao ni njoo. Ila kitabu kitakufundisha "minä olen" na mtaani wanasema "mä oon", ni kama Kiswahili cha darasani na cha kwetu Magomeni, ukikutana nacho usikate tamaa. Maktaba zina kielikahvila, unakaa na Wafini mnaongea Kifini na kahawa, bure. Maktaba zenyewe ni bure kwa kila mtu, Metso ya hapa Tampere nimesomea mitihani yangu yote humo, na ukienda Helsinki ingia Oodi, kuna mpaka cherehani za kushonea nguo. Mi kozi yangu ya uuguzi ilifundishwa kwa Kiingereza na nikadhani yatosha, lakini mgonjwa wa miaka 85 anayesikia maumivu hakuambii kwa Kiingereza. Kazi yangu ya uuguzi niliipata baada ya Kifini, sio baada ya cheti. Na uraia sa hivi ni miaka minane ya kukaa, zamani ilikuwa mitano, na mtihani wa lugha upo palepale.

Watu wataingia kwenye maisha yako kwa vitu vidogo. Kwenye jengo letu mwezi wa tano kuna talkoo, wote tunatoka kufagia uani na kuokota majani makavu, mwisho wanachoma soseji na kahawa. Mwaka wa kwanza nilichungulia dirishani sikushuka, nilidhani ni mambo yao. Mwaka wa pili nikashuka, nikapewa reki, na mzee wa ghorofa ya tatu ambaye kwenye lifti hajawahi hata kunitazama aliniuliza Kilimanjaro ina theluji kweli? Tukaongea nusu saa nzima. Tangu siku hiyo moi yake, ndio salamu yao, haikosekani.

Sasa la mwisho, na hili ni gumu kwangu kuliko yote. Hela ya nyumbani. Mwezi wa pili tu simu zilianza, ada ya fulani, bati la kwa bibi, mgonjwa. Mi nilikuwa natuma, na sikuwaambia nalala kwenye godoro la vidole vinne na nakula uji mara mbili. Niliona aibu kusema. Mama alikuja kujua mwaka uliofuata, akaniambia "mwanangu, kwani nani alikuambia tutakucheka?" Nililia kuliko ile siku ya kwanza. Kwa hiyo mdogo wangu kabla hujapanda ndege kaa chini na mjomba, mwambie kabisa, baba, miezi sita ya kwanza sitatuma kitu, nikishasimama nitatuma. Mjomba ni mtu mwelewa, na akisita mwambie anipigie mimi.

Nije na jibu lako basi. Ukiacha hela ya Migri kwenye akaunti, ambayo hiyo utaigawa kwa mwaka, uwe na euro 1,500 za kufikia, za dhamana, kodi ya kwanza, godoro, viatu, na kukaa kabla benki haijafunguka. Ukiweza 2,000 nitalala usingizi. Usijaze begi nguo za baridi za huko, hazitoshi na zinakula kilo, beba kanga, viungo vya pilau, adapta, miwani ya ziada kama unavaa, na vyeti vyako vyote halisi. Tiketi ukikata nitumie, nitakuja mwenyewe kukupokea stesheni ya Tampere. Godoro la kirppis nimeshaanza kulitafuta.

Taa usinunue. Yule binti alipohama aliniachia ile ya njano, mlangoni vilevile, na waya umeviringishwa. Jana nimeitoa kabatini nikaifuta vumbi nikaichomeka. Inawaka.